Tusiwapime watoto kwa kimo chao cha leo

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sisi walimu tumeirudia mara nyingi hata imekuwa kama sala ya asubuhi gwarideni. Tunaitamka tunapomrudi mtoto, tunapomsifu, na zaidi tunapomteua huyu na kumwacha yule. Kwa miaka mingi niliiamini bila kuihoji. Kilichonifanya niihoji ni jioni moja ya baridi kali, mbali sana na nyumbani, katika mchezo ambao sikuwahi kuufikiria maishani mwangu.

Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 2023. Nilikuwa nimekwenda Kanada kumjulia hali dada yangu mdogo, ambaye yeye na mumewe wamefanya maskani katika mkoa wa Ontario. Theluji ilikuwa imefika magotini na pumzi ilitoka kinywani kama moshi wa jikoni. Shemeji yangu, akitaka kunikirimu, alinunua tikiti tatu, yake, yangu na ya mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13, tukaenda kutazama mpira wa magongo wa barafuni uliochezwa na vijana.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Uwanja ni barafu tupu, urefu wake kama mita 61 na upana mita 26, nao umezungushiwa ukuta wenye vioo juu yake. Kila upande huingiza wachezaji watano na mlinda lango, wote wamevaa viatu vyenye makali ya chuma. Hawagombanii mpira wa duara bali kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake inchi moja na upana wake inchi tatu, ambacho hugandishwa kwanza ili kisirukeruke. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Kasi yake ni ya kutisha, na kwa sababu hiyo mchezaji hakai barafuni hata dakika moja kabla ya kumpisha mwenzake. Ukiwatazama wakiingia na kutoka, utadhani ni nyuki mlangoni mwa mzinga.

Ligi niliyoitazama ni ya Ontario, moja kati ya tatu zinazounda ligi kuu ya vijana nchini Kanada. Wachezaji wake kwa kawaida wana umri wa kati ya miaka 16 na 20. Ni watoto, lakini watoto wanaopimwa na watu wazima kila wiki. Sababu ni kwamba kila mwaka timu 32 za ligi ya kulipwa ya NHL huteua chipukizi waliofikia umri wa miaka 18. Uteuzi wa kwanza ulifanyika Montreal mwaka 1963. Siku hizi una mizunguko saba, yaani majina 224. Atakayesikia jina lake huvalishwa shati na kofia ya timu mbele ya kamera. Asiyelisikia hurudi nyumbani na mzazi wake, na safari ndani ya gari huwa ndefu.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, karibu na paa. Kando yangu aliketi mzee mmoja mwenye mvi, daftari dogo mkononi, ambaye hakupiga makofi hata mara moja. Shemeji alininong'oneza kuwa huyo ni msaka vipawa, aliyetumwa na timu moja ya ligi kuu. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa mimi ni mwalimu kutoka Kenya. Akacheka kidogo, akasema kwamba basi kazi yetu ni moja.

Niligundua jambo la ajabu. Uwanja mzima ulifuata kile kisahani, lakini macho ya mzee yalikuwa kwingine. Alikuwa akimfuata beki mmoja wa miaka 17 hata pale ambapo beki huyo alikuwa mbali na mchezo. Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba bao kila mtu huliona, na tena huandikwa ubaoni. Yeye hulipwa kuona yasiyoandikwa. Je, kijana anatazama nyuma ya bega lake kabla ya kupokea pasi? Akipokonywa, anarudi mbio kulinda lango au ananung'unika? Akirudi benchini baada ya kukosea, anamkwepa kocha au anasogea kumsikiliza? Anapojipasha moto kabla ya mchezo, magoti yake yamekunjika vizuri au anategemea nguvu za mabega tu? Nusu saa baadaye beki yule alitoa pasi mbovu iliyozaa bao la wapinzani. Watu wakazomea. Mzee hakuandika lolote mpaka kijana aliporudi barafuni kwa zamu iliyofuata, akaomba pasi tena bila woga. Hapo ndipo kalamu ilipogusa karatasi.

Nilimwuliza kama huwa anakosea. Alijibu kuwa anayesema hakosei hajaifanya kazi hii kwa muda wa kutosha. Na historia inamuunga mkono. Mwaka 1993 Alexandre Daigle aliteuliwa wa kwanza na timu ya Ottawa kwa matumaini makubwa, lakini hakuwahi kufikia kimo cha sifa alizopewa. Mwaka 1998 timu ya Detroit ilimchukua Mrusi Pavel Datsyuk akiwa wa 171, na mwaka uliofuata ikamchukua Msweden Henrik Zetterberg akiwa wa 210. Wawili hawa ndio waliokuwa nguzo za timu hiyo ilipotwaa Kombe la Stanley mwaka 2008. Naye Martin St. Louis, mtu mfupi kwa vipimo vya mchezo huo, hakuteuliwa na yeyote. Mwaka 2004 alitwaa kombe hilo na timu ya Tampa Bay na kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Hadi hapo nilikuwa mtazamaji tu. Kilichonichoma ni mpwa wangu. Wakati wa mapumziko nilimwona ameinamia karatasi ya majina ya wachezaji, kidole chake kikishuka polepole kwenye safu ya tarehe za kuzaliwa. Nilimwuliza anatafuta nini. "Natafuta mwezi wangu, mjomba," akasema. Baada ya kitambo akainua kichwa: "Nimempata mmoja."

Mpwa wangu alizaliwa mwishoni mwa Novemba. Alipokuwa na miaka tisa alikwenda kwenye mchujo wa timu ya kwanza ya watoto wa mji wao, akaachwa. Kocha alimwambia mama yake kwamba mtoto ana akili ya mchezo lakini ni mdogo wa mwili. Lilikuwa neno la kweli. Ila hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini ni mdogo. Nchini Kanada watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31. Aliyezaliwa Januari humzidi wa Novemba kwa miezi kumi, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya umri wake wote. Dada yangu aliniambia kuwa usiku ule mtoto alikiweka kigongo chake nyuma ya mlango, kikakaa huko hadi majira ya baridi yaliyofuata.

Jambo hili lina historia yake. Mapema katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa akitazama mchezo wa vijana mjini Lethbridge, katika mkoa wa Alberta, pamoja na familia yake. Mkewe, Paula, ndiye aliyesoma karatasi ya majina na kuona kwamba wengi wa wachezaji walizaliwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Barnsley alikwenda kuhesabu, na mwaka 1985 yeye na wenzake wakachapisha matokeo. Katika vikosi bora, kama asilimia 40 ya wachezaji walikuwa wamezaliwa kati ya Januari na Machi, na kama asilimia 10 tu kati ya Oktoba na Desemba.

Je, Mungu huwapendelea watoto wa Januari? La hasha. Wao ni wakubwa kidogo siku ya mchujo, basi huteuliwa. Wakishateuliwa hupata kocha bora, muda mwingi zaidi barafuni na mechi nyingi zaidi. Baada ya miaka mitano tofauti iliyokuwa ya miezi inakuwa tofauti ya ustadi. Hapo mteuzi hujipiga kifua na kusema, "Mnaona? Nilijua tangu awali." Kumbe hakujua, alilitengeneza yeye mwenyewe.

Na kisa hakiishii hapo. Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake walichapisha uchunguzi wa wachezaji wa Kanada walioteuliwa na timu za NHL kati ya mwaka 1980 na 2007. Waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka waliteuliwa nyuma sana kuliko walivyostahili, lakini walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kufikia viwango kama kucheza mechi 400, wakilinganishwa na wale wa Januari hadi Machi. Wapo watakaosema kuwa hiyo ni dawa, kwamba udogo uliwakomaza. Huenda. Lakini wanaosema hivyo wanawahesabu waliobaki tu. Walioweka vigongo vyao nyuma ya mlango na wasivichukue tena, nani amewahesabu?

Swali hilo lilinirudisha nyumbani, kwenye kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita, mfupi, mwembamba, aliyeupenda mpira wa miguu kuliko chakula. Nilipochagua kikosi cha mashindano ya wilaya nilimwacha. Alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu, akaniuliza, "Mwalimu, nirudi lini?" Nami, bila hata kuinua macho kutoka kwenye madaftari, nikamjibu, "Ukikua."

Alikua. Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni, amenizidi kimo kwa kichwa kizima. Ni fundi wa uashi anayeheshimiwa, baba wa watoto, wala hana kinyongo nami. Nilipomwuliza kama bado anacheza alitabasamu, akasema hakuugusa mpira tena tangu siku ile. Jumapili husimama kando ya uwanja wa kijiji, akatazama. Simu haikumpotea, nyumba haikumwungukia. Alipotewa na furaha moja tu. Lakini ni mimi niliyempotezea, kwa neno moja, bila hata kumtazama.

Ndugu walimu, sisi pia ni wasaka vipawa, tena tunateua mengi kuliko mpira. Tunawagawa watoto katika mikondo ya "wepesi" na "wazito" kabla hawajang'oa meno yote ya utotoni. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tuliulaumu kwa kuhukumu watoto kwa siku chache tu. Mtaala wa Umilisi umeleta njia tatu za sekondari ya juu, na mwanafunzi huelekezwa kwenye mojawapo baada ya Gredi ya 9. Nia ni njema. Hata hivyo, njia inaweza kuwa barabara au inaweza kuwa shimo, kutegemea kama mtoto ameachiwa pa kugeukia. Na michezoni tumekuwa na aibu yetu wenyewe, ya watu wazima wanaopunguza umri wa wachezaji ili jitu lishindane na watoto. Huko ni kuiba kwa makusudi kile ambacho Kanada ilikichukua bila kujua.

Sisemi tusiteue. Kikosi kina nafasi zake, na bweni lina vitanda vyake. Ninachosihi ni mambo machache yasiyogharimu hata shilingi. Kabla ya kumwita mtoto mdogo au mzito, tusome tarehe yake ya kuzaliwa. Tusimhukumu kwa siku moja. Yule mzee alikuwa akimtazama beki wake kwa mara ya sita msimu huo. Tutazame anachofanya baada ya kukosea, kwa maana kupatia kunaweza kuwa bahati. Na orodha tunayoibandika ukutani tuiandike kwa kalamu ya risasi, ili mwaka ujao ifutike. Methali yetu inasema samaki akunjwe angali mbichi. Haikusema atupwe.

Nanyi wanafunzi mlioachwa nje ya orodha fulani, kumbukeni kwamba orodha ile inasema jinsi mlivyoonekana siku ile, machoni pa mtu aliyekuwa na haraka. Kuna Wakenya wanaocheza mchezo huu wa barafuni. Uwanja mdogo ulifunguliwa katika hoteli moja jijini Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2024 nchi yetu ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hao hawakuchujwa na mtu wakiwa na miaka tisa, kwa kuwa hapakuwa na barafu wala wa kuwachuja.

Siku moja kabla ya kurejea, nilisimama uani kwa dada yangu. Shemeji alikuwa amemwaga maji kwa mpira wa bustani, yakaganda usiku, yakawa uwanja wa mtoto. Mpwa wangu alizunguka na kuzunguka, akajikwaa, akaanguka, akainuka kabla sijafungua kinywa kumpa pole. Kisha alikuja mpaka ukingoni akihema, akaniuliza, "Mjomba, ungekuwa wewe, ungenichagua?"

Nilimtazama kwanza. Kisha nikamjibu kama ambavyo ningepaswa kumjibu yule mvulana mlangoni mwa ofisi. "Sijui bado," nikamwambia. "Hebu zunguka tena nikuone."