Urojo Ulipogeuka Mwekundu

Urojo ukimwagika kwenye zulia huacha doa la njano. Lisugue kwa sabuni ya mche na doa hilo litageuka jekundu papo hapo, wekundu ulioiva, wa kutisha. Niliyashuhudia haya uani kwa mama mmoja anayeosha mazulia Ng'ambo, mjini Unguja, na hadi leo yananirudia.

Zulia lililetwa na binti wa kazi. Alikuwa amesugua, doa likabadilika rangi mkononi mwake, naye akaamini kwamba sabuni imeliunguza.

"Shikamoo, bibi. Nimeliharibu zulia la watu."

"Marahaba, mwanangu. Hujaharibu kitu. Lete ndimu hiyo."

Aliikata ndimu, akadondosha tone moja katikati ya wekundu. Pale tone lilipotua, njano ikarudi, duara dogo lenye ukingo uliokatika vizuri, na pembeni kote wekundu ukabaki vilevile. Akachovya kidole kwenye povu la sabuni, akaligusa lile duara: likawa jekundu tena. Ndimu: njano. Akamwachia binti naye ajaribu. Binti alidondosha, akainama, akatazama kwa muda mrefu, na nilimwona mabega yakimshuka.

Siri iko kwenye manjano, inayoupa urojo rangi yake. Rangi iliyomo ndani yake, kurkumini, hubaki njano penye uchachu na huiva kuwa nyekundu penye magadi. Urojo wenyewe una uchachu wa embe bichi au ndimu, ndiyo maana kwenye bakuli hauonyeshi dalili yoyote. Sabuni ya mche ina asili ya magadi. Waliosoma kemia wanaijua litmasi. Karatasi iliyochovywa kwenye manjano ilitumika maabara kwa kazi ya namna hiyohiyo. Mama huyu hakupita maabara. Alijifunza kwa mazulia ya watu.

Nilimuuliza kama mwenye nyumba ataelezwa kwamba binti hana kosa. Alisema yeye humweleza kila anayekuja kuchukua zulia. Ila anayekuja, mara nyingi, ni binti mwenyewe.

Ndimu hairudishi usafi, inarudisha rangi ya kwanza tu. Kuliondoa doa ni kazi nyingine. Urojo mzito huchotwa kwa kijiko kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kisha hugandamizwa kanga kuukuu juu yake, bila kusugua, kwa kuwa kusugua hupeleka rangi chini kwenye mizizi ya nyuzi. Halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu kurkumini hujificha kwenye mafuta. Njano itakayobaki huachiwa jua, maana mwanga huivunja rangi hiyo. Lakini jua hupausha na rangi za zulia lenyewe, kwa hiyo mama hulifunika lote kwa shuka nene na kuacha doa peke yake wazi. Hapo palipo wazi, kipi kitatangulia kufifia, manjano au ua lililofumwa chini yake? Anasema hukaa karibu na kuchungulia.

Kabla ya yote hayo huchomoa uzi mmoja kwenye shada la pembeni na kuuwashia kibiriti. Wa plastiki huyeyuka, ncha ikaganda kishanga kigumu. Wa sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Zulia la sufu, kama yale ambayo jamaa huleta kutoka Maskati, haliguswi na jiki hata tone, kwani jiki huila sufu yenyewe. Na penye ndimu au siki jiki ni hatari kwa mtu, si kwa zulia tu: vikikutana hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Jambo hili alilirudia kwa ukali ambao sikuusikia kwake katika mengine.

Mchanganyiko wa siki na magadi soda unaosambazwa kwenye simu haumpendezi. Povu ni hewa ukaa inayotoka, na kinachosalia ni maji yenye chumvichumvi. Kila kimoja kimeua nguvu ya mwenzake. Damu yeye huiosha kwa maji baridi tu, kwani ya moto huigandisha kwenye uzi.

Hina ndiyo inayomshinda. Kwenye plastiki huweza kutoka. Kwenye sufu hainyanyuki, maana sufu ni nywele, na hina hushika sufu kama inavyoshika nywele na kucha. Misimu ya harusi mazulia hayo humjia moja baada ya jingine, mengine ya urithi, na yeye huyarudisha. Wapo wanaomwomba basi alikate doa na kupafuma upya. Kazi hiyo haijui, na fundi wa kuwaelekeza hajampata.