Je, Wajua? Charley Pride, Nyota wa Kantri Aliyesikika Kabla ya Kuonekana

Nchini Kenya muziki wa kantri una wapenzi wa miaka mingi, na majina kama Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers hayahitaji kutambulishwa. Charley Pride ni wa safu hiyohiyo, ila njia yake ilikuwa na miiba zaidi. Alikuwa Mmarekani mweusi katika muziki ambao waimbaji, watangazaji na wenye studio karibu wote walikuwa wazungu. Je, wajua haya kumhusu?

Jina lake lilitokana na kosa la karani. Pride alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 huko Sledge, kwenye mashamba ya pamba ya jimbo la Mississippi, katika familia ya watoto 11. Baba yake alikusudia aitwe Charl. Aliyejaza cheti cha kuzaliwa akaandika Charley, na jina likabaki hivyo.

Kantri aliirithi kwenye redio ya baba. Mzee Pride alilima pamba katika ardhi isiyo yake na kugawana mavuno na mwenye shamba. Jumamosi usiku alifungulia redio yake ya Philco kusikiliza Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha kantri kutoka Nashville, na watoto wakasikiliza anachosikiliza baba. Charley alipofika miaka 14 alinunua gitaa la Sears kwa dola 10, akajifundisha mwenyewe kwa kufuatisha nyimbo za redioni.

Muziki haukuwa ndoto yake ya kwanza. Mwaka 1947 Jackie Robinson alivunja mwiko kwa kuwa mweusi wa kwanza wa enzi hizo kucheza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Pride, kijana wa miaka 13, akaona kwamba kumbe ipo njia ya kutoka kwenye pamba. Kufikia 1952 alikuwa mrushaji mpira wa Memphis Red Sox, katika ligi za wachezaji weusi.

Aliwahi kuuzwa ili timu inunue basi. Katika miaka hiyo ya 1950 timu yake ya wakati huo, Louisville Clippers, ilikuwa na shida ya usafiri. Ikawauza Pride na mwenzake Jesse Mitchell kwa Birmingham Black Barons, na fedha zikaenda kwenye basi. Baadaye Pride alikuwa akitania kwamba huenda wao wawili ndio wachezaji pekee waliowahi kubadilishwa na gari kuukuu.

Uimbaji ulianza kumlipa uwanjani. Mwaka 1960 alihamia Montana, akaajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi huko East Helena na kuchezea timu ya kiwanda hicho. Meneja alipogundua kwamba ana sauti, alimwongezea dola 10 ili aimbe kwa dakika 15 kabla ya mechi. Watazamaji wakaongezeka, naye akaanza kualikwa kuimba kwenye baa za mjini baada ya zamu.

Santuri zake za kwanza zilitoka bila picha. Mwaka 1965 Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyekuwa pia kiongozi wa kampuni ya santuri ya RCA mjini Nashville, aliwachezea wakubwa wa kampuni kanda ya Pride. Walipokwisha kuipenda ndipo walipoambiwa kuwa mwimbaji ni mweusi. Wakamsaini, lakini kwa tahadhari. Santuri zilizopelekwa kwenye vituo vya redio kuanzia 1966 ziliandikwa "Country Charley Pride", bila picha wala habari zake. Watangazaji wengi walimpigia nyimbo bila kujua rangi yake.

Detroit ilinyamaza ilipomwona. Mwaka huohuo wa 1966 alipanda jukwaa kubwa kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wapatao 10,000. Jina lake lilipotajwa makofi yalirindima. Alipotokea yakakatika ghafla. Pride akawatania kwamba anajua si kawaida kumwona mtu aliyebabuka jua moja kwa moja akiimba kantri. Ukumbi ukacheka, makofi yakarudi, naye akaimba.

Kipindi cha baba yake kilimpokea. Januari 1967 aliimba Grand Ole Opry. Hakuna mwanamuziki mweusi aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya maikrofoni hiyo tangu DeFord Bailey, mpuliza harmonika hodari, alipoondolewa mwaka 1941. Hata hivyo Pride alikuja kufanywa mwanachama kamili mwaka 1993.

Kwa RCA, aliyemzidi mauzo ni Elvis Presley. Kati ya 1969 na 1983 nyimbo zake 29 zilifika nambari moja kwenye chati za kantri za jarida la Billboard. Mwaka 1971 Chama cha Muziki wa Kantri kilimpa tuzo yake kubwa kuliko zote, ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka. Alikuwa mweusi wa kwanza kuipata.

Alikwenda Belfast wengine walipoogopa. Mwaka 1975 wanamuziki wa bendi ya Miami Showband waliuawa na wanamgambo katika machafuko ya Ireland Kaskazini, na wasanii wa nje wakaacha kufika. Novemba 1976 Pride alitumbuiza katika ukumbi wa Ritz mjini Belfast, na waliomsikiliza walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti. Wimbo wake "Crystal Chandeliers" ukapendwa na pande zote mbili, na watu wa huko hawakumsahau.

Hakuficha maradhi yake. Katika kitabu cha maisha yake cha 1994 alieleza alivyopambana kwa miaka mingi na maradhi ya akili yanayomrusha mtu kati ya furaha iliyopitiliza na huzuni nzito. Ni wachache wa rika lake waliothubutu kulisema hilo hadharani.

Besiboli haikumtoka. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa wawekezaji walioinunua timu ya Texas Rangers. Kijana aliyewahi kuuzwa kwa ajili ya basi akawa na hisa katika timu ya ligi kuu.

Heshima ya mwisho ilikuja mwezi mmoja kabla ya kifo. Tarehe 11 Novemba 2020 alipewa tuzo ya mafanikio ya maisha mjini Nashville, akauimba "Kiss an Angel Good Mornin'" pamoja na Jimmie Allen, mwimbaji mweusi wa kizazi kipya. Tarehe 12 Desemba alifariki Dallas kwa UVIKO-19, akiwa na miaka 86.

Kuficha picha kulimsaidia Pride kupita mlangoni, lakini nyimbo 29 za nambari moja zilipatikana sura yake ikiwa inajulikana na kila mtu. Sifa hizo ni zake, si za ujanja wa kampuni. Kama hujawahi kumsikiliza, anza na "Is Anybody Goin' to San Antone" ya 1970, kisha uende "Kiss an Angel Good Mornin'" ya 1971.