Mguu wa Bodaboda

Mguu ukivunjika, kitu cha kwanza kinachomshinda mtu si kazi, ni choo. Wanaouguza majeruhi wa pikipiki kwenye nyumba za kupanga za Mbagala, Buza au Manzese jijini Dar es Salaam hulijua hilo kabla daktari hajawaambia. Choo kiko uani, cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, mlango unafungwa kwa kamba, na asubuhi wapangaji wa vyumba sita wanasubiri zamu. Mwenye chuma kwenye paja hawezi kuchuchumaa. Basi ndugu huchukua kiti cha plastiki, wakachora duara kwenye kikalio chake, wakalikata kwa kisu kilichopashwa moto, wakakisimamisha juu ya tundu. Kingo husuguliwa kwa jiwe au kuzungushiwa kitambaa, maana plastiki iliyokatwa hukwaruza. Kiti hicho ndicho kifaa cha kwanza cha tiba kuingia nyumbani, na huwezi kukikuta kimeandikwa kwenye karatasi ya ruhusa ya hospitali.

Nimeanzia chooni kwa makusudi. Sisi waandishi, habari ya bodaboda tunaijua kwa sura moja: waliokufa wangapi, kamanda wa polisi amesema mwendo kasi na uzembe, basi, ukurasa umefungwa. Aliyenusurika hatumfuati. Na walionusurika ndio wengi. Wako vyumbani, mguu juu ya mto, simu mkononi, wakimwambia tajiri mwenye pikipiki kwamba hesabu ya wiki hii haipo na ya wiki ijayo haitakuwepo.

Kwa nini mguu? Pikipiki haina bodi. Ikigongwa ubavuni, bampa la gari hukutana na muundi. Ikiteleza kwenye mchanga au oili hulala upande, na mguu wa dereva hubaki chini ya chuma cha kilo zaidi ya 100, wakati mwingine na abiria wawili wa mshikaki juu yake. Mbele ya muundi hakuna nyama: ni ngozi, kisha mfupa. Ndiyo maana mfupa wa hapo ukivunjika mara nyingi hutokeza nje. Na mfupa uliotokeza nje ni ugonjwa mwingine kabisa, si sawa na uliovunjikia ndani, kwa sababu umeshakutana na vumbi na maji ya mtaro.

Kichwa angalau kina kofia. Majumuisho ya tafiti nyingi za dunia yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika lami, na inayoning'inia kwenye usukani inaulinda usukani. Abiria wanaokataa kuvaa kofia yenye jasho la watu ishirini nawaelewa. Beba kitambaa chepesi cha kufunika nywele, uvae. Mguu hauna kinga ya namna hiyo. Dereva wetu wa kawaida amevaa kandambili.

Kuna pia jeraha jingine lisilofika hospitali wala kwenye takwimu za mtu: alama ya bomba la moshi kwenye shavu la mguu, ya mviringo, kubwa kama kiganja cha mtoto, ambayo mwanamke wa mjini huipata siku anaposhuka haraka upande wa bomba. Dawa yake ni maji safi ya kawaida yanayotiririka juu yake kwa dakika ishirini. Dawa ya meno tunayokimbilia sote huziba joto ndani na kumpa nesi kazi ya kuikwangua.

Mguu uliovunjika hupoteza mengi katika saa ya kwanza. Wasamaria wema wanamkunja majeruhi ili aenee kwenye bajaji, mfupa wenye ncha unachana nyama ambayo ajali yenyewe haikuichana. Vipande viwili vya mbao au hata boksi gumu, vifungwe juu na chini ya mvunjiko kwa khanga bila kukaza sana, mguu ukae ulivyo, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Anayefuata fomu ya PF3 kituo cha polisi awe ndugu mwingine, si yule anayemshikilia majeruhi. Kidonda kilichofika kwenye mfupa kinataka dawa ya kuua bakteria mapema iwezekanavyo, halafu kisafishwe vizuri katika chumba cha upasuaji. Usaha ukishaingia kwenye mfupa huweza kukaa miaka: kidonda kinafunga, kinapasuka, kinafunga tena, na mgonjwa anageuka mteja wa kudumu wa meza ya kubadilishia dawa.

Matibabu yenyewe yamebadilika sana, na si haki kuyapita kimya. Zamani, paja likivunjika, mtu alilazwa chali, mguu ukavutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na mbili. Zipo hospitali ambako hali bado ni hiyo. Chuma cha kupitishwa ndani ya mfupa kilikuwepo, ila kukifunga kwa skrubu kulihitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo wakati daktari anapasua, na mashine hiyo ni ghali. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyewahi kuhudumu katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika liitwalo SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Chuma chao hufungwa kwa msaada wa fremu inayokaa nje ya mguu na kumwelekeza daktari tundu lilipo. Anatoboa na kusikia kwa mkono kwamba skrubu imeingia, hata kama mashine haipo. Vyuma hivyo hutolewa kwa hospitali za nchi nyingi maskini, na Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa zilizovitumia sana.

Tena MOI haikuishia kupokea. Pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, madaktari wake waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu zaidi ya 200 waliovunjika muundi na mfupa ukatoka nje. Wengine waliwekewa chuma cha ndani, wengine ile fremu ya nje ambayo mtaani inaitwa antena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika mambo mazito, yaani kufa au kulazimika kurudi chumba cha upasuaji, makundi mawili hayakuachana kiasi cha kusema hili limeshinda. Ila wa chuma cha ndani walikuwa na maisha mepesi zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao haikuunga ikiwa imepinda kama ya wenzao. Mwenye antena, kwa upande wake, ana kazi ya kila siku: kusafisha pale pini zinapoingia kwenye ngozi, kukata suruali mguu mmoja ili ipite, kulala bila kumchoma mke, na kuvumilia watoto wa jirani wanaouliza kama inashika Azam TV.

Wengi hukimbia kabla ya kufika kwenye upasuaji. Wakisikia gharama, au wakiambiwa foleni ya upasuaji ni wiki mbili, wanaomba ruhusa na kwenda kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kijijini. Sitawabeza hao wataalamu. Mkono wa mtoto uliopata ufa mdogo huwa unaunga, kwa fundi au bila fundi. Hatari iko kwenye kukaza. Vijiti na kamba vikibana mguu unaovimba, damu haipiti. Dalili ziko vidoleni: vimekuwa baridi, vimepauka, vina ganzi, na mgonjwa anapiga kelele ukivinyoosha hata kidogo. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, kamba ikatwe na safari ya hospitali ianze. Hata hogo la hospitali huweza kubana hivyo hivyo, na mgonjwa mwenye hogo ana haki ya kurudi usiku wa manane kulalamika bila kuonekana msumbufu.

Kisha inakuja miezi ya kusubiri. Muundi mara nyingi huchukua minne hadi sita kuunga, na uliotoka nje huzidi hapo. Nyumba huanza kujaa ushauri. Supu ya kongoro haikosi. Ni tamu na haina ubaya, lakini mfupa haujui kwamba umelishwa mfupa; unachotaka ni chakula cha kutosha chenye protini na madini, na bakuli la dagaa wanaoliwa na miiba yao hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu zaidi. Sigara huchelewesha kuunga, hilo halina ubishi, na kijana anayekaa ndani mchana kutwa huvuta zaidi ya zamani.

Ila kinachowaharibia wengi ni goti. Mfupa ukiuma, mtu hulaza mguu juu ya mto, goti limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo unavyokaa mwezi wa kwanza, wa pili. Siku eksirei inaonyesha umeunga, goti halikunjiki wala halinyooki, na nyama ya paja imekwisha kiasi cha kuzungukwa kwa viganja viwili. Mazoezi ya viungo yalitakiwa yaanze kitandani: kukaza paja na kuhesabu hadi kumi, kuinua kisigino, kukunja kifundo juu na chini. Mtaalamu huyaonyesha mara moja, dakika chache, siku ya kutoka wodini, wakati mgonjwa akili yake yote iko kwenye bili. Miadi ya kurudi ni baada ya wiki mbili. Magongo, bajaji ya kwenda na kurudi, ndugu wa kumshikilia anayepoteza siku ya kazi: wengi hawarudi. Kwa hilo ni vigumu kumlaumu mgonjwa.

Kutorudi huko kumewafanya madaktari wabuni njia. Wanaotumia vyuma vya SIGN huomba picha ya mgonjwa akiwa amechuchumaa huku anatabasamu. Mwaka 2019 watafiti wa Dar es Salaam na San Francisco walionyesha kwamba picha hiyo inasaidia kweli kubaini nani paja lake limepona: amechuchumaa chini kiasi gani, ameshikilia kitu au hakushika, uso umetulia au umekunjamana. Picha inaweza kupigwa kwa simu, nyumbani, ikatumwa. Kwa nchi ambayo eksirei iko mbali na simu iko mfukoni, sioni kipimo chenye akili zaidi ya hicho, na nashangaa hakijabandikwa kwenye kila mlango wa wodi ya mifupa. Tena anayeweza kuchuchumaa akacheka amepona kwa kipimo chake mwenyewe: kile kiti cha plastiki kinaweza kutupwa.

Fedha ndiyo haina picha. Madereva wengi hawana pikipiki yao. Wanapeleka hesabu kwa tajiri, shilingi 7,000 hadi 10,000 kwa siku, au wako kwenye mkataba wa mwaka na ushei ambao mwisho wake pikipiki inakuwa yao. Mkataba wa mdomo hausemi lolote kuhusu mguu uliovunjika. Mwezi wa kwanza tajiri anakuja na matunda. Mwezi wa pili pikipiki imeshatengenezwa na amepewa kijana mwingine, na zile siku mia mbili alizokwishalipa huyu wa kwanza hazina anayezizungumzia. Bima ndogo iliyobandikwa kwenye pikipiki ni ya kumfidia mtu mwingine aliyeumizwa, haimhusu dereva mwenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini umejengwa juu ya mwajiri anayechangia, na bodaboda hana mwajiri, ana tajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hata itakapomfikia kila mtu itamlipia kitanda na chuma, haitamlipia kodi ya chumba miezi sita.

Kinachoziba pengo kwa sasa ni kijiwe. Vijiwe vilivyojipanga vina daftari, mweka hazina na mchango wa kila siku. Mwenzao akianguka wanatoa rambirambi za aliye hai, kama wanavyotania. Fedha hizo humalizikia siku za mwanzo, kwenye eksirei na dawa, wakati kila mtu bado ana huruma. Ningekuwa na sauti kwenye kikao cha kijiwe ningeomba nusu ya mchango iwekwe kando hadi mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu ndio watu wanaanza kuiba safari. Mguu haujaunga, lakini mwenye nyumba amegonga mlango. Dereva anaazima pikipiki ya rafiki kwa saa mbili za jioni, anafunga gongo ubavuni kwa mpira. Mguu wa kushoto unabadilisha gia, wa kulia unakanyaga breki ya nyuma na kupiga kiki. Anayeumwa mguu wa kulia hukwepa kuukandamiza, akategemea breki ya mbele peke yake, na breki ya mbele peke yake juu ya mchanga humrudisha mtu chini haraka kuliko lori. Wengine mguu umepona kabisa ila taa za gari zikiwajia usiku mikono inakufa ganzi, na hilo hawalisemi kijiweni kwa sababu wataitwa waoga.

Wapo matajiri wachache wanaompokea dereva aliyetoka kuumwa kwa masharti: miezi miwili ya kwanza mchana tu, hakuna safari za mbali, na hesabu inashuka hadi shilingi 5,000. Si huruma inayowatuma. Wamepiga mahesabu wakaona kwamba pikipiki ikilala chini mara ya pili, fundi atataka zaidi ya hiyo tofauti.