Ngozi ya Mgonjwa Mzee Inapochanika Wodini

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Mkazi wa Buzwagi anapolazwa katika Hospitali ya Manispaa ya Kahama, au anapopewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga iliyopo Mwawaza, mara nyingi hafiki peke yake. Pembeni mwa kitanda huwapo mtoto, mkwe au jirani anayemwogesha, kumgeuza na kumsaidia kuketi. Mikono hiyo inaweza kumkinga, au bila kukusudia kumsababishia, jeraha lisilotajwa sana: kuchanika kwa ngozi.

Jeraha hili si kidonda cha mgandamizo kinachotokana na kulalia upande mmoja kwa muda mrefu. Hutokea ghafla, ngozi inapovutwa, kusuguliwa au kugongwa, na tabaka la juu likajitenga na lililo chini yake. Kwa kijana huenda tukio hilo lisiache hata alama. Kwa mzee, ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba na kavu, kumshika mkono kwa nguvu ili asianguke kunatosha kuichana. Wanaotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu na watoto njiti nao wamo hatarini.

Kinga haihitaji mashine. Mgonjwa asivutwe kwa mikono wala kwapani. Alazwe juu ya shuka imara, watu wawili washike ncha zake, wamwinue ndipo wamsogeze, bila kumburuta. Anayemhudumia akate kucha, avue pete na bangili. Baada ya kuoga, ngozi ikaushwe kwa kugandamiza taulo taratibu badala ya kusugua, kisha ipakwe losheni au mafuta ya mgando yasiyo na manukato, asubuhi na jioni. Utafiti uliofanyika katika makazi ya wazee Australia Magharibi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa kupaka losheni mara mbili kwa siku kulipunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Kwa gharama ya kopo moja la mafuta, hiyo si faida ndogo.

Wodi nayo ina sehemu yake. Plasta inayoshikilia kanula ikibanduliwa kwa haraka huondoka na ngozi. Kwa mgonjwa wa aina hii ni heri kutumia bandeji ya kuzungusha. Plasta ikilazimu, ilainishwe kwanza, kisha ibanduliwe polepole huku mkono wa pili ukiishikilia ngozi.

Ngozi ikishachanika, kosa kubwa ni kukata na kutupa kipande kilichoinuka. Kipande hicho, kikiwa bado hai, ndicho kifuniko bora cha jeraha. Ndugu abane taratibu kwa kitambaa safi kuzuia damu na kumwita muuguzi. Asipake spiriti, majivu wala unga wa dawa za kienyeji. Muuguzi huosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, hurudisha kipande mahali pake bila kukivuta, hufunika kwa bandeji isiyoganda kwenye jeraha, na huchora mshale juu yake kuonesha upande wa kuibandulia ili kipande kisiinuke tena. Hukagua pia kama mgonjwa anahitaji chanjo ya pepopunda.

Bandeji hiyo haifunguliwi kila siku. Mgonjwa anaporuhusiwa, ndugu waulize siku ya kuibadilisha, na wamrudishe mapema wakiona usaha, harufu mbaya, homa au wekundu unaosambaa.