Kupanda Majani Katika Ardhi Iliyochongwa, na Namna ya Kuitazamia Mvua

Kila mwaka masika yanapokwisha twaona jambo lile lile katika wilaya nyingi. Barabara mpya imekatwa ubavuni mwa kilima, au uwanja wa shule umesawazishwa kwa greda, na baada ya mvua kubwa moja tu udongo wake umeteremka bondeni. Juu imebaki mifereji na mawe. Chini shamba la mtu limefunikwa tope, na kisima kimejaa mchanga. Watu husema, "Mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya." Lakini mara nyingi kosa si la mvua. Kosa ni kuiacha ardhi uchi hata mvua ikaikuta hivyo.

Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ardhi iliyochongwa inavyovikwa majani upesi, na kwa nini kazi hiyo yataka kuangalia mbingu kama vile yatakavyo kuangalia udongo.

Kwanza yafaa kufahamu nguvu ya mvua. Tone kubwa huanguka kwa mwendo upatao mita 8 au 9 kwa sekunde, kama baiskeli inayoshuka mlima kwa kasi. Likianguka juu ya majani, nguvu zake huvunjika. Likianguka juu ya udongo mtupu, huurusha na kuziba vitundu vyake, ndipo maji yasipate pa kuingia. Tena maji ya mvua ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mvua ya milimita 20 katika ekari moja ni lita 80,000 na zaidi, yaani madebe 4,000 ya lita 20 kila moja. Maji hayo yote yasipoingia ardhini yatashuka mteremkoni, nayo hayatashuka mikono mitupu.

Ardhi iliyochongwa ina udhaifu wake zaidi. Greda limekwisha kuondoa udongo mweusi wa juu wenye rutuba, na kuacha ule wa chini, mgumu na maskini, ambao mbegu hazipendi kuota ndani yake. Kwa sababu hiyo, kungojea majani yaote yenyewe ni kuipa mvua nafasi ya kutangulia.

Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, mafundi wa barabara walipata shida ya kupanda majani katika kingo kali ambazo mtu hawezi kuzitembea kwa urahisi. Kati ya miaka ya 1940 na 1950 walianza kuchanganya mbegu na maji na kuzirusha kwa pampu. Njia hiyo imeenea sasa katika nchi nyingi. Katika tangi kubwa hutiwa maji, mbegu, mbolea, nyuzi za miti iliyosagwa au karatasi kuukuu, na gundi. Mara nyingi gundi hiyo hutoka katika mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde. Hutiwa pia rangi ya kijani, ili mwenye kushika mpira aone alipokwisha kupita na alipobakiza. Ndani ya tangi mna mapanga yanayokoroga daima, maana yakisimama mbegu na nyuzi hutuama chini. Nyuzi hizo hulala juu ya udongo kama blanketi jembamba, huzuia matone na kutunza unyevu hata mbegu zichipue. Katika mteremko wa kadiri hutumika kilo 900 hivi za nyuzi kwa ekari, na katika mteremko mkali zaidi ya hapo.

Lakini mtambo hauwezi kuponya ardhi iliyotayarishwa vibaya. Udongo mweusi uwekwe kando kabla ya kuchonga, kisha urudishwe juu. Pawe na mfereji upande wa juu wa kuyapeleka maji ya kilimani mahali pengine. Wala uso wa ardhi usilainishwe kama sakafu. Tingatinga la minyororo lipande na kushuka mteremko, ili alama za vyuma vyake zilale kukingama. Kila alama itakuwa kituta kidogo cha kushika maji na mbegu. Mtu anayeendesha kukatisha mteremko huacha alama zinazoelekea chini, na hizo huwa mifereji.

Sasa twafika kwenye neno la hali ya hewa, ambalo ndilo huharibu kazi nyingi. Mbegu zilizopulizwa zina adui watatu. Wa kwanza ni mvua kubwa inayokuja mapema. Mchanganyiko wenye gundi kali huhitaji saa 24 hata 48 za ukavu ili ushikamane na udongo. Ukipulizwa asubuhi na mvua ya radi ikanyesha jioni, mali yote imekwenda mtoni. Wala haufai kupulizwa juu ya udongo ulioshiba maji, kwa kuwa huteleza. Wa pili ni jua. Mbegu ikisha kuamka kwa unyevu haiwezi kulala tena. Ikikosa maji siku chache, hufa. Yapasa basi udongo usikauke majuma mawili au matatu ya kwanza. Wa tatu ni upepo, maana hupeperusha mchanganyiko na kuacha mabaka matupu. Heri kufanya kazi asubuhi, upepo ungali umetulia.

Je, wakati gani ni bora? Penye misimu miwili ya mvua, twaona vuli hufaa kuliko masika. Mvua zake kwa kawaida ni chache, na majani yaliyopandwa Oktoba au Novemba huwa na mizizi ifikapo Machi. Penye msimu mmoja, kama Dodoma na Singida, ardhi iwe tayari kabla ya Desemba, na mbegu zingoje mpaka mvua ishike kweli. Mvua moja ya kwanza ifuatwayo na siku kumi za jua imewadanganya wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza mwelekeo wa mvua kabla ya msimu. Habari hizo zisikilizwe kabla ya kuita greda, si baada yake.

Wasomaji wengi watasema, "Sisi hatuna pampu wala tangi." Kweli, lakini kanuni ni zile zile kwa mwenye jembe. Chimba vijifereji vidogo kukingama mteremko. Changanya mbegu za majani ya Rhodes na mchanga, uzimwage humo juujuu bila kuzifukia sana, kisha tandaza majani makavu yasiyo na mbegu za magugu, na kuyabana kwa vijiti. Au panda vipande vya ukoka. Mahali pakali panda mistari ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka chini mita 2 na zaidi, nayo haienei ovyo kwa mbegu.

Kisha mbuzi na ng'ombe wazuiwe. Wilaya ya Kondoa ni ushahidi. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulianza huko mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu zilizoharibika. Majani yalirudi, lakini wenye mifugo walilipa kwa taabu kubwa. Ni rahisi zaidi kuzungushia miiba kipande kimoja kwa msimu mmoja kuliko kuhamisha mifugo ya nchi nzima.

Tusiwadanganye wasomaji: majani hayawezi kuzuia kilima kinachoporomoka tangu ndani, wala maji ya kalvati yaliyoelekezwa vibaya. Hapo yatakiwa fundi na mawe. Lakini udongo mwingi unaopotea hupotea juu juu, kidogo kidogo, na huo majani huuweza.

Neno letu la mwisho ni kwa wazee wa vijiji na kamati za shule. Msikubali ardhi ikatwe leo ikiwa mbegu zake hazijapatikana, wala msikate kipande kikubwa kuliko kile mnachoweza kukifunika kabla ya mvua. Mkiona baka tupu baada ya majani kuota, lipandeni upya msimu ule ule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta waweza kujengwa tena, bali udongo uliokwisha kwenda baharini haurudi.