Huna kitambulisho? Hivi ndivyo wakili anavyojua kuwa wewe ni wewe

Tuseme mtumbwi umeyumba karibu na ufuo wa Dunga na pochi yako imezama ziwani, kitambulisho kikiwa ndani. Simu iko salama na pesa zako ziko kwenye laini. Shida ni kwamba sacco inataka hati ya kiapo wiki hii, ya kuonyesha kuwa majina mawili kwenye rekodi zako ni ya mtu mmoja. Bila hiyo, akiba yako haitoki. Utaapa vipi bila kitambulisho?

Anayekuapisha ni nani?

Hapa Kenya, hati ya kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Notari hutumika zaidi kwa karatasi zinazokwenda nje ya nchi. Kamishna hathibitishi kuwa kila ulichoandika ni kweli. Yeye anashuhudia kwamba ni wewe uliyeapa mbele yake, na ni lazima aandike mahali na tarehe ya kiapo.

Mtu anayekujua

Kama wakili anakufahamu mwenyewe, kazi imekuwa rahisi. Kama hakufahamu, nenda na mtu anayemfahamu yeye na anayekujua wewe vizuri. Njia hii si ya mkato. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 45, inasema anayesaini hati ya ardhi na hajulikani kwa afisa aende na shahidi wa kuaminika wa kumtambulisha.

Chagua shahidi asiyefaidika na karatasi hiyo. Anaweza kuwa mwalimu, kiongozi wa dini au mwenyekiti wa BMU ya ufuo wako. Lakini akuambie kwanza jina lako kamili. Wengi sokoni wanakujua kama Mama Akinyi tu, na wakili akiuliza jina lililo kwenye kitambulisho, wanabaki kutazamana.

Beba pia kila ulicho nacho:

- ripoti ya polisi (abstract) ya kupotea kwa kitambulisho
- barua ya chifu au naibu wa chifu
- nakala ya kitambulisho, hata kama ni picha kwenye simu
- cheti cha kuzaliwa au cha shule

Wakili bado anaweza kukataa kama hajaridhika. Usikasirike. Ukali huohuo ndio utakaomzuia mtu mwingine kuapa kwa jina lako.

Kama hujui kusoma

Hati isomwe kwa sauti mbele ya kamishna, kwa lugha unayoielewa, kisha uweke alama ya dole gumba. Kamishna huandika kwamba ulisomewa na ulionekana kuelewa. Usiweke dole kabla ya kusomewa.

Jihadhari na haya

Muhuri unaopigwa wewe ukiwa nyumbani si kiapo. Usimtume mtu akuapie. Kuapa uongo ni kosa la jinai.

Na PIN yako haihusiki kabisa. Inafungua akaunti yako tu. Haimwambii wakili wewe ni nani. Wakili, chifu, polisi au mtu anayejiita mfanyakazi wetu akikuomba PIN "ili kukutambua", huyo ni mwizi. Kata simu.

Hati ya kiapo si kitambulisho

Hati hii haitakuwezesha kutoa pesa kwa wakala wala kubadilisha laini. Kwa hivyo, baada ya kupata ripoti ya polisi, omba kitambulisho kipya mara moja. Wakati unasubiri, bado unaweza kutuma pesa na kulipa kwa simu yako kama kawaida.

Leo jioni, fikiria swali moja: ni nani anajua jina lako kamili na yuko tayari kusimama mbele ya wakili aseme, "Huyu namjua"? Hifadhi namba yake.