Krimu, Si Waridi: Poda ya Madini kwenye Ngozi yenye Ualbino

Losheni ya kalamini haikosekani katika duka la dawa, iwe Mombasa au Mbeya. Mtoto akiugua tetekuwanga hupakwa, mwasho ukapoa, na mwili ukabaki na mabaka ya rangi ya waridi. Ndani ya chupa ile mna unga mweupe wa oksidi ya zinki uliotiwa oksidi nyekundu ya chuma kwa kiasi kidogo mno, takriban nusu gramu katika kila gramu 100 za unga. Sasa ondoa maji, ongeza oksidi ya chuma ya manjano na nyeusi, tia dioksidi ya titani na ulanga uliosagwa ukawa laini. Umekaribia kabisa kile kinachouzwa ghali kwenye vikopo vidogo kwa jina la fandesheni ya madini.

Poda hiyo ingewafaa sana watu wenye ualbino, na hao ndio ambao watungaji wa rangi zake huwakumbuka mwisho. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Ngozi yake ni nyeupe sana, na kwa kuwa jua limeichoma tangu utotoni, mara nyingi ina madoa. Akitaka kusawazisha uso kwa ajili ya harusi, usaili wa kazi au siku ya kawaida tu, muuzaji humchagulia kopo jepesi kuliko yote yaliyopo. Anapaka, uso unakuwa wa waridi au wa majivu, na shingo inabaki na rangi yake ya krimu. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani hakuna poda ya ngozi yao. Ipo, ila haipatikani kwa kutafuta weupe peke yake.

Ualbino ulioenea zaidi kusini mwa Sahara ni aina ya pili, unaosababishwa na hitilafu katika jeni ya OCA2. Kwa watu wa jamii za Kibantu hitilafu iliyo ya kawaida ni kupotea kwa kipande cha jeni hiyo chenye urefu wa jozi za besi zipatazo 2,700. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zipo, tena kwa idadi ile ile kama kwa mtu mwingine yeyote. Zinachoshindwa ni kutengeneza melanini nyeusi ya kutosha. Ile melanini ya pili, yenye umanjano na wekundu, huendelea kutengenezwa kidogo. Ndiyo maana nywele za wengi wao ni za manjano, na ngozi yao ina ukrimu ambao mtu mweupe wa Ulaya ya kaskazini kwa kawaida hana. Poda nyepesi kabisa za kampuni za Ulaya na Marekani mara nyingi zimetungwa kumfuata huyo wa pili, ambaye wekundu wa damu huonekana wazi chini ya ngozi yake. Weupe wa watu hawa wawili unaweza kulingana, lakini rangi zao hazilingani.

Wataalamu wa vipimo vya rangi huipa ngozi namba tatu: moja ya wepesi au uzito wa rangi, moja inayotoka kijani kwenda nyekundu, na moja inayotoka buluu kwenda manjano. Kuna pembe maalumu inayokokotolewa kutokana na namba hizo, na ngozi yenye pembe inayozidi nyuzi 55 huitwa nyepesi sana. Hesabu ya pembe hiyo hutumia wepesi na umanjano pekee, wekundu haumo. Kwa hiyo hata maabara inaweza kuwaweka watu wawili katika kundi moja ilhali poda ya mmoja itamkataa mwenzake. Duka lenye vikopo vilivyopangwa kutoka chepesi hadi kizito limepima jambo moja kati ya matatu.

Rangi ya poda hutoka kwenye oksidi tatu za chuma. Nyekundu ni ile ile iliyomo kwenye udongo mwekundu, manjano hupatikana pale oksidi inaposhikana na maji, na nyeusi ni ndugu wa jiwe la sumaku. Rangi nyingine zote ni hesabu ya vipimo tu. Inafaa kujua kwamba ingawa kopo limeandikwa "madini", oksidi hizi hutengenezwa kiwandani, na ni heri iwe hivyo, kwa maana zile za kuchimbwa zinaweza kubeba risasi na aseniki. Ulanga ndio unaochimbwa kweli. Milima ya Uluguru ilikuwa na machimbo yake tangu enzi ya Wajerumani. Huko Madagaska na jimbo la Jharkhand nchini India watoto wamekutwa wakiuchimba, na mnunuzi ana haki kamili ya kuiuliza kampuni ulanga wake unatoka wapi.

Kufunika doa ni kazi ya weupe, na weupe huo ni suala la fizikia. Mwanga ukitoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine hupinda, na kadiri vitu hivyo viwili vinavyotofautiana katika kuupinda, ndivyo unavyorushwa zaidi pande zote. Hewa ina kipimo cha 1, mafuta ya ngozi yapata 1.5, oksidi ya zinki 2, na dioksidi ya titani hufika 2.7, zaidi hata ya almasi. Chembe zake zikiwa na upana wa nanomita 200 hadi 300, hurusha mwanga unaoonekana kwa nguvu zote, doa lisionekane. Zikisagwa zaidi, zikashuka chini ya nanomita 50, huacha mwanga huo upite na kubaki zikizuia miale ya urujuanimno. Basi makopo mawili yanaweza kuwa na titani kiasi kile kile, moja likafunika na jingine lisifunike chochote.

Fizikia hiyo hiyo inaeleza kwa nini poda iliyokubali asubuhi inakataa adhuhuri. Inapopakwa, kati ya chembe na chembe mna hewa. Uso ukianza kutoa mafuta, hewa inaondoka na mafuta yanachukua nafasi yake, tofauti ya kupinda mwanga inapungua, na rangi inakolea, kama mchanga wa pwani unavyokolea wimbi likiupitia. Kwa sababu hiyo usiamue dukani papo hapo. Paka mstari mwembamba kwenye mfupa wa taya kushuka hadi shingoni, tembea dakika 20, kisha tazama.

Tazama wapi, hilo nalo lina uzito wake. Damu iliyomo ndani ya ngozi humeza mwanga wa kijani katika mawimbi mawili mahususi, kwenye nanomita zipatazo 540 na 577. Oksidi ya chuma haina mchoro huo. Poda na ngozi zinaweza kulandana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana nje mlangoni, kwa sababu kila taa ina mchanganyiko wake wa mawimbi. Mwanga wa kuamini ni wa mchana, kivulini, karibu na dirisha. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza macho, hivyo dirisha liwe ubavuni, si mbele ya uso, na kioo kiwe cha kukuza. Simu husaidia kukuza picha, lakini kamera hujirekebishia mwangaza na rangi bila kukuuliza, kwa hiyo ukrimu wa ngozi unaweza kupotea pichani. Jicho la dada au shoga unayemwamini lina faida kuliko kamera.

Ikiwa kopo jepesi lina uwaridi, halijaharibika. Uzuri wa unga mkavu ni kwamba unachanganyika. Nunua kopo dogo lenye umanjano, hata kama ni zito kwa hatua moja au mbili, uchukue punje kidogo kidogo kwenye kifuniko, koroga, ujaribu tayani tena. Kazi hii inataka subira, lakini ikishafanywa mara moja na vipimo vikaandikwa, haihitaji kurudiwa hadi kopo liishe.

Madoa yenyewe hayafanani, na hapa ndipo watu wengi huongeza poda pale ambapo wangebadilisha rangi. Chunusi ni nyekundu. Kijani ni kinyume cha nyekundu, kwa hiyo unga kidogo wa kijani, ambao rangi yake kwa kawaida ni oksidi ya kromi, huuzima wekundu kabla ya poda kupita juu. Vidoa vya kahawia vya jua ni habari nyingine. Tabaka jembamba jeupe likiwekwa juu ya kitu cheusi hurusha mawimbi ya buluu kuliko mengine, na hayo ndiyo majivu tunayoyaona. Kahawia hufunikwa vizuri kwa kuanza na rangi yenye umachungwa, kwenye doa tu, kisha poda ya uso.

Kuna aina ya tatu isiyopaswa kufunikwa kabla haijaonwa na daktari. Ni kibaka kikavu chenye magamba, kinachokwaruza kidole hata kabla ya kuonekana, au kidonda kinachopona na kurudi. Vibaka vya namna hiyo hutokana na jua na vinaweza kuwa mwanzo wa saratani, hasa ile ya seli bapa za ngozi, ambayo ndiyo huwapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika, mara nyingi kichwani na shingoni. Ikiwahiwa hutibika kwa upasuaji mdogo, pengine kwa kugandishwa tu. Naisema kwa nguvu kwa sababu poda nzuri ina uwezo wa kuficha kibaka hicho kwa miezi, kwa mwenyewe na kwa watu wa nyumbani kwake.

Kupaka si kazi ngumu. Ngozi ioshwe, ipate mafuta, kwa kuwa unga hushika kwenye ukavu na kuuonyesha zaidi. Mimina kidogo kwenye kifuniko, zungusha brashi iliyosongamana, igonge ukingoni unga wa ziada uanguke, kisha pitisha kwa miduara kuanzia mashavuni. Matabaka mawili membamba hushinda moja nene, na penye doa ubonyeze kwa brashi ndogo bila kusugua. Zuia pumzi wakati wa kugonga: shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka dioksidi ya titani inayovutwa kama vumbi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na mwenye pumu hahitaji kuambiwa zaidi. Soma pia orodha ya viungo. Oksikloridi ya bismuthi hung'aa na huwawasha baadhi ya watu, tena mng'ao huonyesha kila kivimbe. Unga usio na maji hauoti bakteria kirahisi, ila brashi yenye unyevu huotesha, basi ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa.

Makopo mengi yameandikwa kwamba yanakinga jua. Namba hiyo ya kinga hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita mraba. Uso wa mtu mzima, tukiukadiria kuwa sentimita mraba 600, ungehitaji gramu 1.2 kwa mpako mmoja, na kopo la kawaida la gramu 8 lisingemaliza wiki. Hakuna apakaye hivyo. Angetoka nyumbani kama amemwagikiwa na unga wa ngano. Kinga halisi ya poda ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa. Kwa mtu mwenye ualbino anayeishi karibu na ikweta, kuitegemea ni hatari.

Losheni ya jua itangulie, ya kutosha uso, masikio na shingo, iachwe ikauke kwa dakika 15, ndipo poda ipite juu yake. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, losheni iliyotungwa mahususi kwa ngozi yenye ualbino chini ya mradi ulioanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto, na huwafikia wahusika bila malipo kupitia kliniki za ngozi. Losheni hurudiwa kila baada ya saa mbili kwa anayeshinda nje, jambo ambalo poda inalifanya kuwa usumbufu. Siku za shamba au sokoni, ningeiacha poda nyumbani, nikavaa kofia pana na mikono mirefu. Siku ya poda, jioni uoshe uso kabisa, kisha upitishe vidole kwenye paji, pua, midomo na juu ya masikio, penye mwanga wa kutosha. Palipokwaruza kwa zaidi ya wiki nne pakaonwe kliniki, na pasipakwe chochote hadi siku hiyo.